Kikombe cha Bati cha Shoga Yangu

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei. Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Njia ya Wawi ni tope tupu, viatu vya skuli tumevibeba mkononi.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu mwaka niliokuwa kidato cha tatu. Nilikuwa na mazoea hayo, na mpaka leo ninayo: tarehe, hali ya mbingu, yaliyotokea kwa ufupi, na mwisho tulichokula. Masomoni sikuwa hodari, kidato cha nne kilinishinda, lakini daftari sikuliacha. Siku hiyo chini ya habari ya mvua niliandika mstari mmoja tu: "Leo nimesoma insha yangu mbele ya darasa." Halafu: "Tumekula ndizi na dagaa. Sikumaliza." Sababu sikuiandika. Naiandika sasa, kama ninavyokumbuka, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Nilikuwa na shoga yangu, msichana mwenzangu. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, na kutoka kwao mpaka kwetu ni robo saa kwa miguu. Babu yake alitoka bara akaja kupalilia mikarafuu, akaoa hapa hapa, akazikwa hapa hapa. Baba yake kazaliwa Pemba, na yeye kazaliwa Pemba. Chuo cha Kurani tulisomeshwa na mwalimu mmoja, na Kipemba alikisema kuliko mie. Hata hivyo watu walimwita Mnyamwezi. Kwetu wengi humwita hivyo kila mwenye asili ya bara, hata ambaye babu yake hakuwa Mnyamwezi. Wengine husema bila ubaya, wengine kwa ubaya. Mie nilikuwa sijui kuzitofautisha hizo mbili, kwa kuwa sikuitwa.

Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha ya "Rafiki Yangu". Yangu ilimpendeza, akanisimamisha niisome. Nilisoma kwa majivuno hasa, mpaka nikafika hapa: "Nyumbani kwetu anapendwa sana. Bibi yangu amemtengea kikombe chake peke yake, cha bati, chenye maua mekundu, na mtu mwengine hakigusi."

Nyuma kabisa msichana mmoja akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Hata paka wetu ana kisahani chake."

Darasa zima likacheka. Mvulana mmoja akadakia, "Na hakigusi mtu!" Kicheko kikaanza upya.

Mwalimu akagonga meza. "Kimya! Wewe, endelea."

Nami nikaendelea. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Nilisoma mpaka nukta ya mwisho, na shoga yangu kainamia dawati kama kuna kitu kimeandikwa pale.

Wakati wa kutoka alinitangulia. Nikamkimbilia kwenye mvua.

"Shoga, ningoje! Wale wapumbavu tu, usiwasikilize."

"Wale wamesema nini ambacho weye hukukiandika?"

Akaenda zake. Kesho yake akahamia dawati la mbele, na kwetu hakuja tena.

Wiki ya kwanza nilimkasirikia yule msichana wa nyuma. Ya pili nikaona simtendei haki. Alisema kwa kejeli, lakini alichokisema alikiona mara moja, na mie nilikuwa nakitazama kila siku miaka miwili na zaidi. Nyumbani bibi alikuwa akiniuliza, "Mwenzio yuko wapi siku hizi? Mmegombana?" Nami namjibu, "Ana kazi kwao, bibi."

Lazima niseme na upande wa bibi. Alimpenda. Shoga yangu alipojikata mguu na panga, bibi ndiye aliyemwosha damu kwa mikono yake na kumfunga. Kila mtihani alituombea dua sote wawili, na jina la mwenzangu akilitaja mwanzo, kwa kuwa, alisema, yeye ndiye hodari wa Hesabu na Mungu anapenda wanaojitahidi. Nilikuwa nikijiuliza: mtu kama huyo anaweza kuwa mbaguzi? Lakini nikikumbuka pia siku moja ya kidato cha pili, nilipokichukua kile kikombe cha bati nikajitilia chai. Bibi alikitoa mkononi mwangu. "Hicho cha mwenzio," akasema, akanipa bilauri. Nilidhani anamlindia haki yake. Au nilitaka kudhani hivyo. Mpaka leo sijui kama nilikuwa sijui, ama nilikuwa sitaki kujua.

Wiki ya tatu nilikitwaa kile kikombe, nikakifunga kwenye kanga kuukuu, nikakisukumia chini ya kitanda changu. Nilifikiri kikiondoka kikombe na jambo lenyewe litaondoka. Bibi akakikosa siku ile ile.

"Kikombe cha bati kiko wapi?"

"Sijui, bibi." Uongo huo.

Akapekua jiko zima, akainama mpaka nyuma ya mtungi. Akanyanyuka kwa taabu, mkono kiunoni. "Sasa mwenzio akija atanywea nini?"

Mbele yake, usawa wa macho yake, palikuwa na ubao wa vyombo. Nikajikuta navihesabu: vikombe vya udongo kumi na kimoja, bilauri sita.

"Vile pale, bibi," nikasema.

Akavitazama. Akanitazama mie. Kisha akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, na nazi yenyewe hana mkononi.

"Nani kakwambia?"

"Skuli wamecheka."

"Wamekucheka weye?"

"Wamemcheka yeye."

Maji ya chai yakachemka, yakamwagikia kuni. Halafu akasema, "Nilipokuwa mdogo, wachumaji karafuu wa shamba la baba, waliotoka bara, vyombo vyao vilitundikwa ukuta wa nje. Hatukufundishwa na mtu. Tulikuta hivyo." Hakusema kuwa kakosea, na sipendi kumtilia maneno mdomoni. Alisema tu, "Kilete."

Nikakileta, na kanga yake. Hakuniuliza kilikuwa wapi.

Asubuhi ya pili yake akaniita. "Chai yangu nitilie kwenye bati langu."

"Lako, bibi?"

"Bati hushika moto. Kwenye udongo chai yapoa upesi."

Nimejaribu mwenyewe baadaye. Bati halishiki moto kuliko udongo, linaunguza midomo tu. Lakini bibi alikinywea siku ile, na siku ya pili, na ya tatu, akipuliza na kusonya.

Ndipo nikapata miguu ya kwenda kwao shoga yangu. Nilimkuta uani anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia mama yake, nikaitikiwa vizuri, kisha mama akaingia ndani akatuacha. Nikasema yote kwa mkupuo: ubao wa vyombo, mbuzi, wachumaji wa karafuu, na lile neno la bibi, "bati langu". Nikamwambia pia kuwa sina hakika kama nilikuwa sijui. Nilijua kuwa hilo linaweza kumfukuza kabisa, lakini kulificha nikaona ni kukifunga kikombe kwenye kanga mara ya pili.

Aliendelea kuchagua mchele. "Mie nilijua tangu siku ya pili," akasema.

"Na ukinywea?"

"Nikinywea. Nilimwona bibi mtu mzima, na weye nilikuona mjinga." Akatupa kijiwe. "Ulipoisoma ile insha ndipo nikashindwa. Nikajiuliza, huyu hajui kweli, ama anifanyia kusudi? Kama hujui, nitakusamehe. Kama wajua, basi mie nimekaa na nani dawati moja miaka yote hii?"

"Na sasa waonaje?"

"Sasa naona wewe mjinga, kama mwanzo." Lakini alicheka kidogo. Kisha akainua uso. "Na mie nikwambie langu. Baba alinikataza kula kwenu. Kasema Wapemba wa asili hawana dogo, wataniroga."

"Na ukila!"

"Chapati zenu nimekula miaka miwili, sijaota mkia."

Tulicheka mpaka ungo ukatikisika, mchele na vijiwe vikachanganyika upya. Sisemi kuwa maneno ya baba yake na kikombe cha bibi yangu ni kitu kimoja. Baba yake alikataza, yeye akala. Hakuna aliyetucheka sisi darasani kwa hilo. Ila nayaandika kwa sababu aliniambia, na hakulazimika.

Alikuja siku ya pili, baada ya alasiri. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya mtihani. Alipiga hodi, akamshika bibi mkono, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu. Umekonda." Bibi alikuwa kwenye mkeka, kikombe cha bati mkononi, chai inafuka. Shoga yangu akakiangalia kile kikombe.

"Watazama nini?" bibi akasema. "Hiki changu. Nenda pale ubaoni, chukua ukitakacho."

Shoga yangu akaenda. Alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, vidole vinapita juu ya kimoja kimoja. Kisha akanyoosha mkono juu kabisa, akashusha kile chenye mstari wa dhahabu, ambacho bibi humtilia shehe siku za hitima na mimi sijapata kukinywea maishani mwangu. Akageuka nacho, akamtazama bibi machoni.

Bibi akafumba macho, akayafumbua. "Kikoshe kwanza," akasema, "kina vumbi. Shehe mwenyewe hajaja tangu maulidi ya mfungo sita."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Sioni haya kusema kuwa nililia kidogo, nikasingizia moshi wa kuni. Jumatatu alirudi dawatini kwangu. Aliyecheka akacheka, lakini safari ile hatukuinama.

Nimelifungua daftari ukurasa wa siku aliyokuja. Ijumaa, tarehe sita Juni. Mbingu imekauka, upepo wa kusi, nguo zimekauka kamba nzima. Shoga yangu amekuja. Jioni tumekula wali wa nazi na mchuzi wa pweza, sinia moja, bibi, mama yangu, mie na yeye. Ukoko tumegombania. Nimemaliza.