Mfereji Huanzia kwa Mtu wa Mwisho

Iko siku moja ambayo huikumbuka kila ninaposikia maji yakipita, nayo ndiyo nitakayoanza nayo. Andika, Mumbua, na usiyalainishe maneno yangu. Mimi sikukalia dawati hata siku moja, kwa hiyo kalamu ni yako na maneno ni yangu. Ukimaliza, umsomee kaka yako Muthama, ambaye tangu tumzike nyanya yenu hataki kuketi nami.

Mwanangu Muthama, siku hiyo nilikuwa kijana, na mikono yangu ilijua jembe kuliko ilivyojua kijiko. Hapa kwetu palikuwa na mfereji mmoja ulioteremka kutoka mlimani, tuliouchimba kwa mwethya, kijiji kizima bega kwa bega. Shamba la baba yangu, Mutiso, lilikuwa la kwanza kukutana na maji. La mwisho kabisa, ng'ambo ya korongo, lilikuwa la mjane aliyeitwa Nduku, aliyeishi na binti yake Kavata. Ndiyo, Kavata huyo huyo unayemjua wewe kwa jina la nyanya.

Mfereji ule ulikuwa na sheria yake. Siku ya maji, kila mwenye shamba aliziba mlango wake kwa mawe na udongo, maji yakapita moja kwa moja hadi kwa mtu wa mwisho. Akishatosheka yeye, ndipo jirani wa juu yake alipofungua, na hivyo hivyo kupanda, hata wa kwanza akawa wa mwisho kunywesha. Baba yangu hakuwa mwizi. Aliacha tu ufa mdogo kati ya mawe, kwa ajili ya vitunguu. Jirani wa pili akauona ule ufa, naye akaacha wake. Wa tatu akafuata. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu. Lakini haba na haba pia hukausha mfereji, na hakuna hata mmoja atakayeona kwamba ni yeye.

Asubuhi moja akaja mzee Ngunze, mlinzi wa mfereji. Hakumsalimu baba. Alimshika kifundo cha mkono kama mtoto aliyekutwa jikoni, akamteremsha kando ya mfereji mbele ya watu wote, nami nikafuata na jembe begani, nimeinamisha uso. Walipofika ng'ambo ya korongo, Ngunze alimwambia aingize mkono mferejini. Baba akauingiza. Ulitoka na vumbi.

"Mutiso," mzee akasema, "wewe unadhani mfereji unaanzia kwako kwa sababu maji yanaanzia kwako. Mfereji unaanzia hapa."

Siku hiyo hiyo milango yote ilizibwa barabara, na maji yakateremka kwa wingi ambao hatukuwa tumeuona muda mrefu. Yakaingia katika shamba la Nduku, yakatuama kati ya mabua makavu, na hapakuwa na mtu wa kuyapokea. Nduku alikuwa amekwisha kufunga virago na kumchukua binti yake hadi Katangi, kwa ndugu zake, katika nchi kavu kuliko hii. Lile karipio lilikuwa la haki, ila lilikuja baada ya watu kuondoka.

Nilimfuata Kavata huko baadaye, kumposa. Mama yake alinipa maji katika kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akanitazama mpaka nikayamaliza. Nimekunywa vitu vingi vichungu maishani, lakini hakuna kilichonishinda kumeza kama maji yale matamu.

Sasa niyaseme yetu.

Ulipotuambia kwamba nyota yenye mkia itaonekana upande wa machweo, na kwamba ikishapita haitarudi wakati wa yeyote kati yetu, nyanya yako alikuwa hawezi tena kubebwa nje bila kulia kwa maumivu. Lakini aliitaka sana nyota ile. Mama yake aliwahi kuona moja, na Kavata, akiwa mtoto, alilala ikapita. "Nataka nikimkuta mama," aliniambia, "nimwambie kwamba nami nimeiona." Nilijua safari aliyokuwa akiizungumzia.

Wewe ukasema si neno, utamletea nyota kitandani. Ukaisimamisha darubini yako nyuma ya zizi, ambako miti haizuii macho, ukavuta waya mrefu kutoka kwenye betri iliyokuwa barazani, na mwingine wa kuleta picha hadi kwenye skrini uliyoitundika ukutani mwa chumba chake. Nilikuona mchana ukijaribu kila kifaa. Uliijaribu ile mota inayozungusha darubini, ikazunguka. Ukaujaribu mkanda wa kupasha kioo joto ili umande usikitie ukungu, ukapata moto. Ukajaribu na kamera, nayo ikaonyesha kilele cha mlima. Kimoja kimoja, mwanangu, kila kimoja kikiwa peke yake.

Jua lilipozama, picha ilikuja. Kavata aliona mwangaza wa machungwa na ukingo wa mlima, akainua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Ukatuambia kwa sauti kutoka nje kwamba nyota ingali imezama katika mwanga na itajitokeza punde, tusiondoe macho. Ndipo umande ulipoanza kushuka, ukauwasha ule mkanda, na skrini ikawa nyeusi.

Tulikusikia ukihangaika na nyaya. "Subiri kidogo, Susu," ukawa unamwambia nyanya yako, "inakuja." Ilirudi kufumba na kufumbua, ikazima tena. Naye, aliyekuwa na pumzi za kuhesabika, akanigeukia akacheka.

"Nilijua," akasema. "Hata nyota, ikipitia kwa kina Mutiso, haifiki kwetu."

Ulisikia ukadhani ni mzaha wa wagonjwa. Sasa unajua alikuwa akizungumza na nani. Nyota ilishuka nyuma ya mlima bila yeye kuiona. Kesho yake mawingu ya mvua yalifunga mbingu, na yalipofunguka tulikuwa tumekwisha kumlaza chini.

Baada ya matanga ulikuja na kile kipimo chako cha umeme ukanieleza kosa. Betri ilikuwa na nguvu za kutosha. Lakini waya ulikuwa mwembamba na mrefu, na vifaa uliviunga kwa kufuatana, kimoja kikipokea kupitia kingine: mota kwanza, kisha mkanda, na kamera mwisho. Mkanda ni mlafi. Ulipoanza kunywa, nguvu zilizobaki mwishoni mwa waya hazikuitosha kamera, ikazimika. Mimi umeme siujui, na sitajifanya kuujua. Ila ulipofika hapo niliondoka, ukadhani nimekukasirikia. Nilikwenda kusimama ng'ambo ya korongo.

Najua umekwisha kulitengeneza. Umeisogeza betri karibu na darubini, umeweka waya mnene, na kisanduku cha kugawa umeme ambamo kila kifaa kina tawi lake na fyuzi yake, ili mmoja akilewa asiwaangushe wenzake. Najua pia kwamba uliwasha vyote kwa pamoja, skrini ikawaka mbele ya kitanda kitupu, nawe ukaifunika darubini kwa gunia. Nilikuwa mlangoni. Niliyaona maji yakifika katika shamba lisilo na mtu, mara ya pili katika maisha yangu.

Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi sitaki mjukuu wangu awe majuto. Sitakudanganya kwamba hukukosea. Ulikosea, na aliyelipa hakuwa wewe. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na baba yangu, baada ya siku ile, hakuacha ufa tena hadi alipokufa.

Kwa hiyo shika hili, wewe na watakaokuja nyuma yako. Chochote utakachogawa, kiwe maji, umeme, chakula au neno jema, usikipime pale kinapotoka. Nenda mwishoni ukapime hapo, wakati wote wanakunywa, maana kila mtu hutosheka akiwa peke yake. Kila mmoja umpe njia yake, asiishi kwa masalio ya mwenzake. Na kabla hujajisifu kwamba umetoa, mtazame aliye mbali nawe kuliko wote, kama mkono wake umelowa.

Kisha liondoe lile gunia. Hapo Kyumbi, mji wa jirani, na huku kwetu wako wazee wengine wasioweza kutoka kitandani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho linaloanza kutazama mwisho. Jema lolote likija likufikie hata ukiwa nyuma ya watu wote, nawe ulifikishe kwa aliye nyuma yako. Na siku nitakapoitwa, nikamkuta Kavata, nisiwe na aibu kumwambia kwamba siku hizi hata nyota inafika.