Mistari Myekundu ya Shangazi

Shangazi yangu hukata tiketi kwenye kivuko. Huvuka mkondo mara nane kwa siku, na kwa miaka kumi na moja macho yake yamekuwa majini. Akiona pomboo, huandika kwenye daftari: saa, idadi, na walivyoibuka. Wengi wana pezi la mgongoni refu lililopinda. Hao huwaita "pezi refu". Wachache wana pezi dogo lililokaa juu ya nundu, na wakija kuvuta pumzi hutanguliza mdomo. Hao ndio "nundu". Daftari zima lilionyesha nundu watatu tu, wote wakubwa.

Nahodha humtania. "Dada, na hao umewakatia tiketi?"

"Hao angalau hawaning'inii mlangoni kama abiria wako."

Mwaka huu ikatangazwa kwamba mwamba wa katikati ya mkondo utalipuliwa ili meli kubwa zipite. Ofisi ya mazingira ikaitisha kikao siku ya Alhamisi. Kumbukumbu za pomboo wa pale hakuwa nazo mtu mwingine yeyote. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya viumbe wa majini, sina kazi, na damu inanichemka. Jumatano nilikaa jikoni kwake nikilinganisha daftari na picha nilizopiga kutoka kivukoni. Ghafla nikarudisha ukurasa nyuma, mdomo wazi.

"Umemeza nini?" Shangazi akauliza, kisu kikiwa juu ya kitunguu.

"Mtoto wa nundu huzaliwa bila nundu. Inaota anavyokua." Nikamsogezea ukurasa. "Hawa wadogo uliowaandika pezi refu wanaandamana na wale watatu. Na umeandika mwenyewe hapa, 'wametanguliza mdomo.'"

Akafuta mikono, akasoma. Mistari ya namna hiyo ilikuwa arobaini na miwili.

"Kumbe nimewapa watoto wa watu ukoo usio wao," akasema. Akacheka, kisha hakucheka tena.

Maana yake ilikuwa kubwa: nundu wanazaliana pale pale panapotakiwa kulipuliwa. Lakini nilijua kikao kitasemaje kikisikia kwamba mkata tiketi amekosea miaka kumi na moja.

"Watalitupa daftari zima, Shangazi. Tuzinakili upya kurasa hizi. Nani atajua?"

Akanitazama kama abiria aliyepanda bila tiketi.

"Nikimkatia mtu mzima tiketi ya mtoto, naisahihisha mbele yake. Siichani nikajifanya sikuikata."

"Hapa si kivukoni!"

"Lete kalamu nyekundu, msomi. Na upunguze sauti, majirani wana masikio."

Alhamisi alisimama na sare yake ya kazi. Kabla hajaulizwa lolote akasema, "Nimekosea mara arobaini na mbili. Nimezipigia mstari mwekundu. Chini ya mstari bado panasomeka."

Mkuu wa kikao, mwanamume mwenye miwani iliyoteremka puani, akaguna. "Basi daftari hili halifai."

"Jina nililowapa ndilo halifai. Nilichokiona kipo. Soma."

Nilitaka kusimama nipige kelele. Shangazi akanibana bega.

Mkuu akasoma. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akasogeza miwani. Mhandisi wa mradi akatazama saa yake mara mbili.

"Kwa nini niamini mistari mingine?" mkuu akauliza hatimaye.

"Usiamini. Njoo uangalie."

Ulipuaji ukaahirishwa kwa miezi mitatu, haukufutwa. Nilitoka nikilaani, nikisema huo si ushindi hata kidogo. Shangazi akaharakisha hatua. Alikuwa anawahi zamu ya saa nane.

Jumatatu mkuu wa kikao alipanda kivuko, akasimama ukingoni na darubini shingoni. Hakuna kilichoibuka. Shangazi akaandika: "Hakuna."

Jumanne mkuu akarudi.