Siku Mdogo Wangu Alipomlinda Mama kwa Panga

Mdogo wangu alianza kuvuta bangi akiwa kidato cha pili, huko kwenye miwa nyuma ya nyumba yetu, upande wa Butali. Alipomaliza shule alikuwa anavuta kila siku. Sisi tuliona uvivu tu. Kijana aliyekuwa akipata jibu la hesabu kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni, sasa alifika dukani akasahau alichotumwa. Baadaye usingizi ukamhama. Akaanza kusema wakataji miwa wanamsengenya.

Jumamosi moja mchana nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amesimama mbele ya jiko letu la nje, panga mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani. Humo hawatampata."

"Akina nani?"

"Wakataji. Wananiambianga watamuua."

Mama akasema kutoka ndani, kwa sauti ya chini, "Usibishane naye, binti yangu."

Siku hiyo wakataji walikuwa kwa jirani, na njia yao ya kurudi nyumbani ilipita uani kwetu. Nilisikia vicheko vyao vikikaribia. Naye alivisikia. Akaukaza mkono kwenye mpini.

Nikaweka kikapu chini. "Mama ana kiu," nikasema. "Jua hili, na amefungiwa na moto. Mpe maji kwanza, mimi nitaangalia njia."

Akatazama njia, akatazama mlango. Jasho lilimtiririka shingoni. Kisha akatoa ufunguo. Kufuli lile lilikuwa na kutu, halifunguki kwa mkono mmoja. Akaliegemeza panga ukutani, nami nikalinyakua na kulirusha ndani ya miwa.

Aligeuka. Hakunipiga. Alisema tu, "Hata wewe, dada?" Akakaa chini akalia, na wakataji wakapita wakitusalimu.

Hospitalini Kakamega mjini, Mama alimwambia daktari kwamba majirani wanasema mwanawe amerogwa. Daktari hakumcheka. Alituuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua akili. Tukamtaja kaka yake baba.

"Ubongo wa kijana huendelea kujengwa hata baada ya kupita umri wa miaka ishirini," akasema. "Bangi ikiingia mapema, tena kila siku, inaweza kuvuruga ujenzi huo. Si kila anayevuta huugua hivi. Lakini mwenye ugonjwa huu katika ukoo yuko hatarini zaidi."

"Atapona?" Mama akauliza.

"Akiacha na akimeza dawa, kuna matumaini. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza baada ya wiki kadhaa. Hesabu hazikurudi kama zamani. Mwaka huu ameanza kusomea ufundi wa umeme, na jioni namsikia akirudia ukurasa uleule. "Dada, nikifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshapotea," aliniambia. Nikamwambia tusome pamoja, polepole.

Juzi rafiki zake wa zamani walipiga mluzi nje ya ua. Akafunga kitabu, akatoka. Mama alishika mwiko, obusuma, ugali wetu, ikaungua sufuriani, wala hakuna aliyeinuka kuiepua.

Aliporudi nilisogea karibu nimnuse. Aliona.

"Nimewaambia wasije tena," akasema.

Sikujua kama nimwamini. Nikampakulia chakula.