Kiti cha Baba Kilichokaa Mshazari

Enzi zetu, mtoto aliyekutwa amekalia kiti cha baba yake hakuhitaji kusomewa mashtaka. Sisi tuliokulia Asembo Bay tulijua mipaka yetu: mkeka ulikuwa wetu, makochi yenye vitambaa vya kufuma yalikuwa ya wageni, na kile kiti cha mbao chenye mikono mipana, kilichokaa mshazari pembeni mwa sebule, kilikuwa cha Baba. Kilinuka tumbaku, sabuni ya kipande na, siku za soko, omena, wale dagaa wa ziwani. Tuliamini alikigeuza hivyo ili aulinde mlango wa mbele. Mama alimpelekea uji pale, akasimama kidogo, kisha akarudi jikoni, kijumba cha udongo nyuma ya nyumba. Sikumwona hata siku moja akikikalia.

Watoto wa leo, Mungu awabariki, hulala kifudifudi juu ya makochi, simu mkononi. Mgeni akiingia, humsalimu kwa nyusi.

Baba alipofariki, kiti kilifunikwa shuka. Mwaka huu magoti ya Mama yamelegea. Akikaa kwenye kochi hainuki bila kuvutwa, basi akawa anashinda kitandani, yeye ambaye jua halikuwahi kumkuta amelala. Kiti pekee chenye kimo na mikono ya kumwezesha kuinuka kilikuwa kile. Nikaenda nyumbani na sponji, kitambaa cha kijani na misumari midogo.

"Nyathina, hiyo kiti iko na mwenyewe," aliniambia kutoka chumbani, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, kama nilipokuwa mdogo.

"Mwenyewe ametuacha, Mama."

"Ametuacha, lakini hajanipa."

Niliendelea na kazi. Nilipokivua kitambaa cha juu nilikuta kingine chini yake, na kingine tena: pazia letu la Krismasi, sketi ya shule ya dada yangu. Mama hakutupa kitu. Alifunika tu kilichochakaa. Chini kabisa, vipande vya tyubu ya gari vilivyosukwa vilikuwa vimebonyea mahali alipokaa Baba. Nikavikaza, nikaweka sponji, nikapigilia kitambaa, kisha nikakirudisha kiti pale pale, juu ya alama za miguu ya kiti sakafuni.

Mama alikuja na mkongojo wake. "Najaribu sponji tu," alisema. Akakaa ukingoni, kama aliyeitwa ofisini kwa chifu. Taratibu akaegemea. Akainua macho kuelekea mlango wa nyuma.

"Fungua hiyo mlango ya nyuma."

Nikaufungua. Mbele yake, sawasawa, palikuwa na mlango wa jikoni, na ndani yake mafiga.

"Mzee huyu!" Alicheka huku akipangusa macho. "Kumbe miaka yote alikuwa ananiangalia."

Hakuinuka hadi chai ilipoiva, na alipoinuka, aliinuka mwenyewe.

Wazazi wetu hawakuambiana maneno matamu mbele yetu, nasi tuliosoma tukadhani hawakuwa nayo. Nyumbani kwangu Kisumu kila mtu hukaa anapotaka. Viti ni vingi, ni laini, na vyote vinaitazama televisheni.