Barua Niliyoisoma Ukumbini

Mama mkwe aliponiomba niisome barua ya daktari kinyume na ilivyoandikwa, nilikubali. Nilikuwa mwalimu wa skuli, na katika nyumba ile ya kijijini Shumba ni mimi peke yangu niliyejua Kiingereza. Hakukuwa na wa kunisahihisha.

Mke wangu alikuwa akikohoa tangu ajifungue. Hospitali ya serikali ilikuwa Wete, si mbali, lakini mama mkwe hakutaka hata kuisikia.

"Wakishamwandika mgonjwa wa kifua, bwana afya atakuja hapa na baskeli yake, kijiji kizima kimwone. Nina wanawali wawili ndani, mwanangu. Nani atawaposa?"

Basi tukapanda meli hadi Unguja, kwa daktari aliyekuwa na mashine yake mwenyewe ya eksirei. Aliiinua picha dirishani, akanionyesha doa jeupe juu ya pafu la kushoto. Alizungumza nami kwa Kiingereza. Kazi yake ilikuwa kupiga picha na kuisoma. Kifua kikuu kilitibiwa na serikali, sindano za miezi mingi, bila malipo. Akaandika barua niipeleke Wete. Aliyeuona ugonjwa hakuwa na dawa, na wenye dawa hawakuwa na habari. Kati yao nilikuwepo mimi na bahasha.

Melini mke wangu alikuwa na furaha. "Mashine yenyewe baridi kama samaki! Lakini kifua kimekuwa chepesi, bwana. Nahisi imeuvuta ugonjwa wote."

Wengi siku hizo waliamini kuwa eksirei inatibu. Niliisukuma bahasha ndani zaidi mfukoni.

Kwetu barua husomwa mbele ya watu, na tulipofika shangazi za mke wangu walishajaa ukumbini. Mama mkwe alinivuta jikoni, nikamwambia ukweli, ndipo akaniomba. Nikatoka, nikaikunjua.

"Daktari anasema ni udhaifu wa uzazi. Ale vizuri, apumzike."

"Si niliwaambia!" mke wangu akasema. "Na nyie mlishaanza kugawana vyombo vyangu."

"Basi lile bakuli la maua nitalirudisha," shangazi mmoja akajibu, wakacheka wote.

Nilijiambia nitampeleka Wete wanawali wakishaposwa. Lakini kila nilipoitaja Wete, mke wangu aliniuliza, "Kwani barua ilisemaje?" Simlaumu mama mkwe. Yeye aliogopa, na hakujua kusoma. Mimi nilijua.

Masika yalipoanza mke wangu alitema damu. Nikampeleka Wete na barua ile ile. Daktari wa pale aliitazama tarehe, kisha akanitazama mimi. Siku ya tisa mke wangu alifariki, bila kujua kuwa nilimdanganya. Mtoto wetu, aliyekuwa akinyonya kwake muda wote ule, alikufa kwa ugonjwa huo huo kabla hajatimiza mwaka.

Nilipoteza mke na mwana, na dawa ilikuwepo Wete.