Waliosahau Vidonge

Ofisini walimwita Bi Ukurasa, kwa sababu ukimwambia dawa fulani inaponya, hata hujamaliza, atakuuliza umesoma wapi, ukurasa wa ngapi. Kazi yake ilikuwa kusoma ripoti za utafiti wa dawa na kuzigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la dawa zilizojaribiwa kwa wagonjwa waliochaguliwa, wakasimamiwa mpaka mwisho. La pili ni la dawa zilizojaribiwa kwa watu kama sisi, wenye kusahau, wenye haraka na wenye ubishi. Ukiyachanganya, umeharibu kazi yote.

Kila ripoti ilisomwa na wawili, kila mtu kivyake, ndipo wakalinganisha majibu. Mwenzake alikuwa daktari kijana, msomaji wa mbio. Siku hiyo walipishana juu ya ripoti ya kidonge kipya cha shinikizo la damu, cha kumeza mara tatu kwa siku. Kesho yake kamati ingeamua kama zahanati zote ziache kile cha zamani cha mara moja kwa siku. Mama yake Bi Ukurasa alitumia hicho cha zamani na kilimfaa vizuri. Akipangiwa cha mchana, atakisahau tu.

"Hii ya fungu la pili, dada," daktari alisema. "Wameifanyia kwenye zahanati za mitaani. Hata kichwa chake kinasema."

"Kichwa nimekiona. Fungua ukurasa wa kumi na moja."

Huko chini, kwa herufi za kuumiza macho, iliandikwa kwamba kabla ya kuanza, wagonjwa walipewa vidonge visivyo na dawa kwa wiki mbili. Aliyesahau hata kimoja aliondolewa. Karibu nusu waliondolewa.

Daktari alisoma mara mbili, akajikuna shingo. "Mimi wangenitoa siku ya tatu."

Wakaihamishia fungu la kwanza. Kwenye taarifa ya kamati wakaandika: kwa watu wa kawaida, bado hatujui, cha zamani kiendelee. Bi Ukurasa alifurahi kupita kiasi, akampigia mama yake simu hapo hapo.

"Mama, dawa umemeza?"

"Tangu asubuhi. Wewe cha mchana umekula?"

Alitazama saa. Ilikuwa kumi kasoro robo, na chakula chake kilikuwa mezani, hakijafunuliwa.

"Kumbe hata mimi wangenitoa, Mama."

"Wakutoe wapi?"

"Kwenye utafiti."

"Waache wakutoe. Kula kwanza."