Mti Wenye Mzinga Haukatwi

Baba yangu alikuwa mrina asali huko kwetu Urambo, na sheria aliyotufundisha ilikuwa moja tu: mti wenye mzinga haukatwi. Hata ukiwa umekauka nusu, hata ukiwa katikati ya shamba. Mzinga ukishatundikwa, shoka linapita kando. Hata jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba aliiheshimu sheria hiyo.

Nami niliiheshimu. Hilo ndilo linaloniuma.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Mimi nilifuata tumbaku. Nikahitaji kuni za bani, lile jengo la kukaushia majani kwa moto, na moto wa bani hauzimwi mchana wala usiku, wiki nzima, mpaka jani likauke. Nilikata miti ya mitundu, nikakata miombo, nikafyeka vichaka vilivyofunika chemchemi bondeni, nayo ikakauka. Nilipokutana na mti wenye mzinga wa baba niliupita kwa adabu, kama mtu anayempisha mkwe wake njiani. Baada ya misimu kadhaa ilibaki miti sita, kila mmoja peke yake juani na mzinga wake. Nikajisifu kwamba wenzangu wamemaliza yote, mimi nimetunza mila.

Ujinga gani huo, kwa mtu aliyelelewa kwa asali! Nilijua tangu utotoni kwamba nyuki hashibi kwenye mti anamolala. Huenda mbali, kwenye maua ya miombo kabla ya mvua, kwenye maua ya vichaka mvua zikishanyesha, na kiangazi hunywa maji bondeni. Miti nayo humngoja yeye ili ipate mbegu. Yote niliyajua. Nilimwachia nyuki kitanda, nikamchomea jiko na kisima.

Baba wakati huo alikuwa haoni vizuri kwa mtoto wa jicho. Kila msimu aliniuliza kama nyuki wameingia.

"Bado, baba. Mvua imechelewa."

Msimu uliofuata niliisingizia mvua tena. Wa tatu, akaomba nimpeleke mwenyewe. Nilimshika mkono, tukaenda polepole. Katikati ya njia akasimama, akainua uso.

"Mbona jua linanichoma hapa? Hapa palikuwa na kivuli."

Nilimvuta mkono taratibu, tukaendelea.

Tulipofika mti wa kwanza aligonga shina kwa fimbo, akaweka sikio. Kimya. Tukaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Kila mara aliweka sikio muda mrefu kuliko mara iliyotangulia.

"Mwanangu, umekata yote?"

"Nimeiacha yenye mizinga, baba. Kama ulivyotufundisha."

Nilitamani anitukane. Nilitamani hata anipige ile fimbo.

"Ni kweli," akasema. "Nilifundisha nusu." Kisha akasema, "Ishushe. Haina kazi huko juu."

Niliishusha yote siku ileile. Ndani mlikuwa na masega meusi yaliyoliwa na nondo. Baba aliyapapasa, akanusa vidole, akaomba maji ya kunawa.

Mwaka huo tumbaku yangu ilistawi kuliko miaka yote. Kuni zikaniishia bani ikiwa imejaa, majani hayajakauka hata nusu, na kuyaacha hivyo ni kuyaozesha. Nilitazama pande zote za shamba. Ilikuwepo ile miti sita tu, na haikuwa na mizinga tena.

Nikachukua shoka. Baba alikuwa amekaa kibarazani, na kila mti ulipoanguka aliuhesabu kwa sauti. Alipofika sita alinyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani.

Kuni zile zilitosha siku mbili.